Aliyekaa Upande wa Kulia

Fundi alikuwa hafungi mlango. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila ninachokumbuka juu yake kilitokea mlangoni au kwa ajili ya mlango. Karakana yetu ilikuwa kwenye misheni moja nje kidogo ya Kibondo, banda refu la bati lenye mlango mmoja mkubwa wa kuingiza lori kinyumenyume. Mvua inyeshe, vumbi la Agosti livume, mlango uko wazi, na yeye amesimama mahali anapoiona barabara. Hata kula alikula hivyo, sahani mkononi, macho nje. Mtu akimwambia, "Fundi, kaa basi ule vizuri," anajibu, "Nimekaa," na huku amesimama.

Jina lake nalijua na sitaliandika. Alitaka aitwe Fundi tu, na alikuwa na sababu. Alikuja na wale Warundi waliovuka mpaka kwa miguu miaka ya sabini inaanza, na yaliyompata huko hakuwahi kutusimulia hata siku moja. Tulichokiona ni gunia lake. Lilikaa chini ya meza ya kazi, limefungwa kamba tayari, ndani yake nyundo, tindo, kioo cheusi cha kuchomelea na shati moja. Miaka sita lilikaa pale limefungwa. Kila Jumamosi alilifungua, akahesabu vile vitu vinne, akalifunga tena.

Nisije nikaonekana namcheka. Mimi mwenyewe ni mwoga, nasema kabla sijasemewa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina mke, natengeneza baiskeli sokoni, na bado nikisikia mtu anagombezwa nyumba ya tatu nazima taa. Nadhani Fundi aliniona hivyo akanipenda. Wenzangu wawili waliokuja kuomba kazi karakana siku niliyokwenda mimi walikuwa na vifua na maneno mengi. Aliwaangalia, akawaambia, "Ninyi hamuogopi kitu. Nitalala vipi?" Akanichukua mimi.

Radi alikuwa haiwezi kabisa. Na kwetu juu huku, ukija mwezi wa kumi na moja, radi ni kila siku. Wingu likiwa bado liko upande wa Burundi, Fundi ameshazima jenereta, ametupanga wote juu ya lundo la matairi, miguu isiguse chini, na yeye katikati anasali kwa Kirundi, Imana hivi, Imana vile. Wateja walicheka. Mimi nilikunja miguu yangu nikakaa karibu naye.

Lakini moto hakuuogopa. Cheche inaruka inaingia ndani ya kola, unaiona inatoboa shati, yeye hatingishiki mpaka amefika mwisho wa mshono. Nilimuuliza siku moja inakuwaje, mtu anakimbia wingu na anavumilia moto shingoni. Akasema, "Moto nauona ulipo, Gerivazi."

Na magari. Mtu aliyetengeneza nusu ya magari yaliyopita Kibondo miaka ile alikuwa hapandi gari. Akiitwa Kasulu kwa kazi anatembea, siku tatu, gunia begani, na lori la misheni linampita njiani tupu. Dereva alikuwa anasimama kwa adabu, "Fundi, panda." "Oya, hapana. Endelea, mwanangu, tutakutana." Nimesikia sababu tatu tofauti, zote kutoka kinywani mwake. Mara anatapika. Mara aliwahi kuona lori limekatika katikati likiwa na watu. Mara aliniambia tu kwamba anajua kilichomo ndani ya chuma, na anayejua hawezi kupanda. Hiyo ya tatu niliielewa baadaye, zaidi ya nilivyotaka.

Sheria yake ya kazi ilikuwa hii. Kila aliyechomelea kiungo alipiga alama yake pembeni kwa tindo. Yake ilikuwa nukta moja, yangu mistari miwili. Kazi ikiisha, gari linapojaribiwa, kila mtu anakaa juu ya kiungo chake mwenyewe. Si mahali popote garini, pale pale juu ya alama. Kwa kuwa yeye hapandi, alijitungia adhabu yake: gari lilijazwa magunia ya mahindi, watu wanne wakaruka juu yake, na Fundi amelala chali chini, uso chini ya nukta yake. Mara ya kwanza kuona nilifumba macho. Hakuna aliyetuwekea sheria hiyo, si padri wala serikali. Alikuja nayo, na sisi tukaishika mpaka watu wa Kibondo wakaanza kuuliza, "Gari hili fundi wake alilala chini yake?"

Basi ikaja mashine ya waya.

Aliileta bruda mmoja wa misheni, na alitufundisha wiki mbili kabla hajaenda likizo kwao, na hakurudi tena. Sisi tulizoea kuchomelea kwa vijiti. Kijiti kinawaka, kinatoa moshi wake na ganda lake, unaligonga ganda, unauona mshono. Hii mpya ilikuwa na waya unaotoka wenyewe kwenye bomba kama uzi wa cherehani, na mtungi wa gesi wa kuufunika moto usiguswe na hewa. Ukibonyeza tu, chuma kinashikana. Mshono unatoka laini, umepangana, mtu yeyote anapendezwa nao. Mimi siku ya pili tu nilikuwa nashona vizuri kuliko nilivyowahi kushona kwa kijiti mwaka mzima.

Fundi hakufurahi. Alichukua mshono wangu ule mzuri, akaubana kwenye jiriwa, akaupiga nyundo mara moja. Vipande viwili vikaachana. Ndani chuma kilikuwa kizima, hakijayeyuka hata kidogo, mshono ulikuwa umekaa juu tu.

"Mashine hii inasema uongo," akasema. "Kijiti kibaya unakiona ni kibaya. Huyu anakudanganya kwa uso mzuri."

Kwa mwezi mzima tukawa tunashona na kuvunja. Hakuna kazi ya mteja iliyoguswa na mashine ile mpaka tumeijua. Alinifundisha kusugua kutu mpaka chuma king'ae, kuchonga kingo ziwe na mteremko ili moto ushuke ndani, kuacha nafasi ya unene wa ukucha kati ya vipande. Bomba liwe mbali na chuma upana wa kidole kimoja, si zaidi. Usikimbie na usilale. Fremu ndefu usiishone mfululizo upande mmoja, itapinda. Bandika vidoti vya kushikilia kwanza, kisha shona kidogo huku, kidogo kule. Zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza. "Funga macho. Ukisikia mafuta yanakaanga dagaa, uko sawa. Ukisikia inatema, acha hapo hapo." Nilifunga macho, nikasikia dagaa. Jioni nilikuwa naota dagaa.

Tatizo lilikuwa upepo. Gesi ikipeperushwa, hewa inaingia kwenye chuma kinachoyeyuka, na ndani yanabaki matundu matupu. Bruda alisema mara nyingi, mashine hii mlango ufungwe. Kwa Fundi neno hilo lilikuwa zito. Siku ya kwanza tuliyoufunga alitoka jasho kabla hajawasha chochote. Alining'iniza magunia mlangoni, yakapeperuka. Akasogeza kazi pembeni, upepo ukamfuata. Mwisho akakubali: mlango utafungwa, na mimi nitasimama nje nikiangalia barabara, nikiona lori au watu wengi nigonge bati mara mbili. Nilisimama. Nilikuwa askari wa barabara isiyo na kitu.

Mwenye gari ninalotaka kulisema aliitwa Bakari, mwenye duka wa Kibondo, mtu wa Ujiji. Alikuwa na injini ya Landrova iliyopona kwenye ajali, magurudumu na gia, lakini chasisi ilikuwa imepinda haifai. Akamwomba Fundi amtengenezee gari zima, fremu mpya kuanzia chini, libebe mizigo na watu kati ya Kibondo na Kasulu, kwa sababu basi lilikuwa linakuja likipenda. Fundi alikataa mara mbili. Mara ya tatu Bakari alisema, "Basi watu waendelee kubebwa kwenye machela." Fundi akakubali.

Tuliifanya fremu ile miezi mitatu. Sijawahi kuipenda kazi vile. Kila kiungo kilitangulia kufanywa kwenye kipande cha majaribio, kikavunjwa, ndipo kikafanywa kwenye gari. Tulipofika mwisho vilibaki viungo viwili vikubwa, vishikio vya springi za nyuma, kimoja kushoto, kimoja kulia. Hivyo ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Fundi akasema cha kushoto nifanye mimi. Kwa furaha sikulala.

Nilikifanya mwezi wa nane, siku ya upepo. Fundi alikuwa amekwenda kwenye mazishi. Nilifunga mlango mwenyewe, nikawasha, na jua limelichoma bati, moshi umejaa, koo linabana. Nikakumbuka kwamba bruda aliwahi kusema gesi ile ikijaa ndani inamziba mtu pumzi. Sikuwa na mtu nje. Nikajiona nimekufa pale, nimekutwa na kofia ya kuchomelea usoni. Nikaenda nikaufungua mlango, nikarudi kushona.

Nilisikia. Siwezi kudai sikusikia. Mafuta yaliacha kukaanga dagaa, ikaanza kutema. Nami sikuacha, kwa kuwa nilitaka kumaliza nitoke. Nilipovua kofia mshono ulikuwa na vitundu kama chapati ya maji. Cha kufanya kilijulikana: kata, safisha, anza upya. Lakini gesi ilikuwa imebaki kidogo mno, na mtungi mwingine ulikuwa wa kungojwa miezi, na Fundi angeuliza kwa nini nilifungua. Basi nikausaga juu juu, nikafunga mlango, nikapitisha mshono mwingine juu yake. Ukatoka mzuri kuliko yote niliyowahi kushona. Nikapiga mistari yangu miwili.

Fundi aliporudi alipitisha kidole juu yake, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akasema, "Ego, ndiyo. Huu ni mshono wa mtu mzima." Nikasema asante. Cha kulia alikifanya yeye kesho yake, mimi nimetumwa Kibondo mjini kufuata mafuta ya jenereta.

Siku ya kujaribu nilikaa juu ya alama yangu kwenda na kurudi, maili sita kila upande, nimeshika ubao kwa mikono miwili. Bakari aliimba njia nzima. Tuliporudi na kulijaza gari magunia, Fundi alisema mgongo unamuuma, leo halali chini. Nilikuwa nimejaa hofu yangu mwenyewe mpaka nikaona ni sawa tu, mzee mgongo unamuuma.

Kuanzia hapo maisha yangu yalikuwa sauti ya gari lile. Linaondoka Jumatatu, linarudi Jumatano. Jumatano nilikuwa siwezi kula mpaka nilisikie linapanda kilima. Likichelewa natafuta kazi ya kufanya nje. Watu walilipenda, walilipanda na kuku wao na watoto wao, walikaa juu ya mistari yangu miwili wakicheka. Nilikuwa nalala chini yake kwa siri kutafuta ufa, lakini Bakari alikuwa amelipaka rangi nene. Kukishusha kile kishikio na kukirudia kungetaka siku nne na maelezo, na maelezo sikuwa nayo. Kila Jumapili nilijiambia, kesho nitamwambia Fundi. Siku moja nilikwenda kuchungulia chini ya gari nikamkuta amelala huko. Tulishtuka wote wawili. "Natafuta tindo langu," akasema. Nikamsaidia kulitafuta, na lilikuwa mfukoni mwake.

Alikuwa na swali moja kwa Bakari kila Jumatano. "Gari linalia?" "Halilii, Fundi." "Upande wa kulia?" "Halilii." "Na wa kushoto?" Nami nageukia meza ya kazi, nikijua ananizunguka mimi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, mke wangu Leokadia alishikwa na uchungu Jumatatu asubuhi. Jumanne asubuhi mkunga alitoka nje akaniambia mtoto amekaa vibaya, mama anachoka, lazima apasuliwe, na daktari wa kupasua wakati huo alikuwa Kasulu. Lori la misheni lilikuwa bovu. Sokoni lilikuwepo gari moja tu. Bakari alikuwa hajaondoka safari hiyo kwa sababu ya mvua.

Nilikimbia. Sikukimbilia kwa Bakari, nilikimbilia karakana, kwa Fundi, nikiwa nimeamua kabisa. Nitasema. Afadhali aniue, lakini simlazi Leokadia juu ya kiungo kile bila mtu mwingine kujua. Nilimkuta amesimama mlangoni.

"Fundi, lile gari..."

"Najua, habari imenifika. Bakari nimeshamwona, anamwaga mzigo. Nenda kamlete mkeo."

"Fundi, nataka kukwambia..."

"Gerivazi." Uso wake ulikuwa wa kijivu. "Kuna gari lingine?"

"Hakuna."

"Basi kamlete."

Nikaenda. Ndivyo nilivyo. Tulipomlaza Leokadia kwenye godoro garini, nimepanda kukaa kushoto, juu ya mistari yangu, nikamwona Fundi anakuja na gunia lake begani. Akashika ubao, akaweka mguu juu ya gurudumu, akapanda. Bakari alizima injini. Watu wa sokoni walisogea kutazama, kwa kuwa kila mtu Kibondo alijua huyu hapandi. Akakaa upande wa kulia, mkabala na mimi, akapenyeza mkono kati ya mbao mpaka vidole vikafika kwenye chuma.

"Endesha," akasema. "Polepole, baba."

Njia nzima kutoka Kibondo mpaka Kasulu, msitu na matope na yale madaraja ya magogo, hatukusema maneno kumi. Leokadia alikuwa katikati, kichwa chake miguuni pangu, na kila uchungu ulipomshika alinibana goti. Mimi nasikiliza chini yangu. Fundi amefumba macho, midomo inacheza, mkono uko chini. Gari likizama kwenye shimo anajikunja kama aliyepigwa. Niliona amekuja kunipa moyo, na nikaona mzee huyu amevunja mwiko wake kwa ajili yangu, na mimi namdanganya usoni. Pale Malagarasi, magogo ya daraja yanalia moja moja, nilifungua mdomo nikaufunga. Leokadia alituangalia, mimi kisha yeye.

"Mbona ninyi mnaogopa kuliko mimi?" akauliza.

Tulifika Kasulu alasiri. Yusta alizaliwa akiwa mzima, na mama yake mzima, na nilipotoka nje kumwambia Fundi sikumwona. Bakari alisema amelala chini ya gari. Nikachungulia, kweli, amelala chali, anapapasa. Kesho yake alirudi Kibondo kwa miguu. Kabla mwezi haujaisha alikuwa ameacha kazi. Aliniachia meza, jiriwa na mashine, akachukua gunia.

Nikakaa na jambo langu miaka mitano. Gari la Bakari likaendelea. Niliwaambia watu wa nyumbani kwangu kwamba gari linamtapisha mtoto, hivyo Yusta hakupandishwa hata mara moja. Tukienda kwa shangazi yake tunakwenda kwa baiskeli, amekaa nyuma kwenye keria, kitambaa kichwani. Leokadia alichoka. "Mtoto wa watu anaungua jua, gari linapita tupu," alisema. "Una nini na gari lile?" Nikasema sina kitu.

Ndipo nikasikia Fundi yuko Nyakitonto, amepewa shamba kijijini pale kando ya barabara ya Kasulu, na macho yamekwisha. Nikamweka Yusta kwenye keria tukaenda, siku mbili, tukilala kwa watu njiani.

Nyumba yake haikuwa na mlango. Kulikuwa na tundu la mlango na gunia limening'inizwa. Alikuwa anabangua karanga nje, akanijua kwa mlio wa baiskeli.

"Mwidiwe, Fundi," nikamsalimu kwa Kiha.

"Mwidiwe. Mnyororo wako umelegea, Gerivazi. Na umebeba nani?"

"Yusta. Yule wa kwenye gari."

Akaomba aguse kichwa chake. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, kwa muda mrefu, mpaka mtoto akaniangalia. Kisha akampa karanga.

Nilisema hapo hapo, nimesimama, baiskeli bado iko mkononi, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilisema mlango, upepo, vitundu, mshono wa juu, mistari miwili. Nilisema pia safari ile, na Malagarasi. Yeye aliendelea kubangua karanga mpaka nilipofika mwisho.

"Wa kushoto," akasema.

"Wa kushoto."

"Mimi wa kushoto sikuusikiliza hata kidogo." Mikono yake ikasimama. "Nilikutuma ufuate mafuta, si ndiyo? Nikafunga mlango, nikaanza. Nikasikia lori limesimama nje. Sijui lilikuwa la nani. Sikuwa na mtu wa kugonga bati. Nikafungua, na moto unawaka mkononi. Lilikuwa la mahindi, Gerivazi. Wakauliza njia ya Kakonko wakaenda."

"Ukamalizia mlango uko wazi?"

"Nilimalizia naangalia barabara. Mshono sikuuona. Na gesi ikaishia hapo."

Nilikaa chini. Miaka yote ile. Tindo mfukoni, mgongo unauma, gari linalia upande gani. Alikuwa haniulizi mimi. Alikuwa na upande wake, nilikuwa na wangu, na kati yetu alilala Leokadia.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza, na nikaona aibu kumuuliza.

"Nani angepanda tena kazi yangu? Nani angenipa mahali pa kukaa?" Akatikisa kichwa. "Nilikuwa mgeni. Nikasema, likirudi Jumatano hii nitasema."

Yusta alikuwa barabarani anaokota mawe. Akapiga kelele kwamba gari linakuja. Sote wawili tulikuwa tumeshalisikia, injini ile tunaijua, iko mbali bado, inapanda kutoka bondeni. Fundi akasimama. Aliingia ndani akatoka na gunia.

"Nishike mkono," akasema.

Tukaenda tukasimama katikati ya barabara, mimi na mtu asiyeona ambaye maisha yake yote alikuwa anayakwepa magari. Bakari akapiga honi, akapiga tena, akasimama karibu kutugonga. Gari lilikuwa limejaa.

"Mna wazimu ninyi?"

"Shusha watu," Fundi akasema. "Wote."

"Kuna nini?"

Fundi akageuza uso upande wangu, akangoja. Nikasema mimi. Nilimwambia Bakari mbele ya abiria wake wote, pande zote mbili, yangu na ya Fundi, na Bakari hakutukana. Alishuka, akakaa kwenye ngazi ya gari lake, akashika kichwa, akasema mke wake na wanawe wamo humo nyuma.

Tuliliinua kwa jeki, tukaweka magogo. Nikaingia chini kushoto na nyundo na tindo la Fundi kutoka guniani. Mapigo matatu. Kishikio kikafunguka kama kifuniko, na ndani mlikuwa na matundu, na zaidi ya nusu ya mshono ilikuwa imeshapasuka zamani, ina kutu nyekundu. Kilichokuwa kimeshika watu ni upana wa vidole viwili. Niliwaonyesha. Mama mmoja aliyekuwa amekaa pale juu alikwenda kukaa mbali, kwenye majani, akamkumbatia mwanawe.

Fundi alijiingiza mwenyewe upande wa kulia, kwa kupapasa, akalala chali kama zamani. Akaitafuta nukta yake kwa kidole akaipata. Akaweka tindo. Nyundo ikapanda, ikasimama hewani, ikashuka bila kupiga.

"Siwezi. Piga wewe."

Nikapiga. Nikapiga mara tatu, kama kwangu. Nikabadilisha pembe nikapiga kwa nguvu zangu zote, mara saba, nane, mpaka tindo likapinda ncha. Rangi ilibanduka, na chini yake chuma kilikuwa chuma, kizima, hakina hata unywele wa ufa. Mshono ule alioushona akiangalia barabara ulikuwa umeingia mpaka ndani.

"Umeshika, Fundi," nikamwambia. "Mzima. Ulikuwa mzima siku zote."

Machozi yalikuwa yanamshuka pembeni, yanaingia masikioni, na kidole chake bado kilikuwa juu ya nukta.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga tena.